Waipa Haifi kwa Mvua

Shinyanga, waipa haifi kwa mvua. Inakufa kwa jua. Kuanzia Mei hadi Oktoba anga ni tupu, vumbi la barabara linatua juu ya kila kitu, na mpira mwembamba wa waipa unalala kwenye kioo kikavu bila kazi. Unakakamaa, unapasuka, unashika mchanga. Mvua ya kwanza ya Novemba inapoanguka, dereva anabonyeza swichi na kusikia mkwaruzo tu. Kilichokufa kiangazi ndipo kinapozikwa.

Ninasomea shahada ya uzamili katika historia, na mada yangu ni usafiri Usukumani baada ya uhuru. Nyaraka za mada hii zina upendeleo. Zinajua mengi kuhusu reli ya Tabora hadi Mwanza iliyofunguliwa mwaka 1928. Zinamjua vizuri John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyegundua almasi Mwadui mwaka 1940. Zinajua pamba na vyama vya ushirika, na dhahabu ya Geita iliyochimbwa tangu enzi za mkoloni hadi miaka ya 1960, kisha ikarudi kwa mgodi mkubwa mwaka 2000. Hazijui dereva alikuwa anaonaje mbele mvua ikinyesha.

Hilo nilianza kuliona kwenye kaunta buku la babu mzaa mama. Babu alikuwa dereva wa serikali mkoani Shinyanga, na kwa miaka mingi aliandika kila safari: tarehe, kilomita, mafuta, na mstari mmoja wa maelezo. Katika kurasa za mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuna maneno yanayojirudia kama kiitikio: "Mvua. Waipa hazifanyi kazi. Tumelala njiani."

Niliyapita mara ya kwanza kama malalamiko ya dereva. Niliporudi kuyasoma tena, niliona kuwa ni takwimu za uchumi wa nchi, zimeandikwa kwa lugha ya mtu aliyelala ndani ya gari.

Historia ya waipa yenyewe inaanzia kwenye theluji. Mwaka 1903, mwanamke wa Alabama, Marekani, aitwaye Mary Anderson, alipata hataza ya kifaa cha kufuta kioo cha mbele. Wazo lilimjia akiwa ndani ya tramu New York wakati wa baridi, alipomwona dereva akihangaika kuona njia. Kifaa chake kilikuwa na mkono wenye mpira nje ya kioo, na wenzo ndani ambao dereva aliuvuta kwa mkono wake mwenyewe. Hakikumtajirisha. Hataza yake iliisha muda mwaka 1920, kabla magari hayajasambaa kila mahali. Baadaye zikaja waipa zilizoendeshwa na mvuto wa hewa ya injini, ambazo zilichoka kila gari lilipopanda mlima, kisha mota za umeme. Mkono wa binadamu ukaonekana umestaafu.

Gari la babu ni Land Rover Series III, lile refu ambalo kila dereva wa zamani hulitaja kwa namba tu: 109. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971, lakini ukoo wake ni wa mwaka 1948, Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, chuma kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana mwili wake ulitengenezwa kwa aloi ya alumini. Gari tulilolijua sisi kama alama ya serikali yenye nguvu, ya bwana shamba na mkuu wa wilaya, lilizaliwa kutokana na uhaba wa watu wengine.

Lilipofika kwetu likakutana na uhaba wetu. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita dhidi ya Idi Amin vilianza mwaka uliofuata na kula fedha za kigeni zilizokuwa zimebaki. Spea nyingi zilitoka nje, na zilihitaji dola au pauni. Nilimuuliza babu kwa nini waipa ndizo zilikuwa zikisahaulika. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Mjukuu wangu, bila tairi gari haliondoki. Bila waipa linaondoka. Sasa wewe ungeagiza kipi?"

Ndivyo hesabu ilivyofanyika, na gharama yake haikuandikwa kwenye faili lolote. Iliandikwa kwenye kaunta buku, kwa usiku mmoja mmoja. Madereva walipaka tumbaku kwenye kioo ili maji yateleze. Waliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Mara nyingi walisimama tu na kusubiri.

Ukurasa mmoja wa Machi 1983 haukusubiri. Babu alikuwa kijijini upande wa Kishapu, na mama mmoja alikuwa na uchungu tangu asubuhi. Mvua ikaanza jioni. Babu na utingo wake walifunga kamba kwenye mikono ya waipa, ncha moja ikaingia dirisha la kulia, nyingine la kushoto. Babu alishika usukani kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwingine. Utingo akavuta upande wake. Vuta, nivute, hadi hospitali ya Shinyanga. Kwenye buku ameandika: "Mgonjwa amefika. Kamba imekata mara mbili." Hakuandika zaidi. Nilipomuuliza, alisema mama alipona, mtoto hakupona, na akafunga buku.

Tumezoea kufundishwa kuwa teknolojia huenda mbele tu: wenzo, kisha mvuto wa hewa, kisha umeme. Usiku ule barabara ya Kishapu ilirudi kwenye kazi ya mkono, kama Mary Anderson alivyoifikiria miaka 80 kabla. Mota ya umeme ilikuwepo chini ya dashibodi, imekufa. Fedha za kuifufua ndizo hazikuwepo. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake *African Motors* cha mwaka 2021, anawatazama Watanzania kama waundaji wa teknolojia ya magari, si wapokeaji tu. Nakubaliana naye. Kwa ukurasa ule naongeza jambo moja: ubunifu una bei, na wakati mwingine aliyeilipa hakuwa fundi wala dereva.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, likaja kubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Spea zikarudi madukani, na baadaye magari yaliyotumika kutoka Japani yakajaa barabarani. Land Rover za serikali zikapelekwa mnadani. Babu alinunua ile aliyoiendesha.

Mwaka jana mjomba, anayeishi Geita, alitaka iuzwe kama chuma chakavu. Hoja yake ilikuwa nzito: mzee bado analiendesha, na siku moja mvua itamkuta njiani. Tukakubaliana kwamba likifika Geita wakati wa mvua, suala la kuliuza lisitajwe tena.

Nilimpelekea fundi mmoja mzee wa umeme wa magari, Ngokolo. Nilitarajia aseme mota mpya. Kwanza alipima umeme. Betri ilitoa volti 12 na ushee. Kwenye mota zilifika 10. "Binti, mota yako ina njaa, haijafa." Umeme hurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, na kila boliti yenye kutu hula kidogo. Akavuta waya mpya wa ethi.

Kisha akachomoa kebo ya chuma iliyosokotwa kama skrubu ndefu, ambayo mota huisukuma na kuivuta ndani ya bomba jembamba ili izungushe gia ndogo chini ya kila mkono wa waipa. Grisi ya miaka mingi ilikuwa imegeuka nta. Aliosha kwa mafuta ya taa, akapaka mpya. Zile gia hazizunguki mzunguko mzima, kwa hiyo meno ya upande mmoja huisha na ya upande wa pili hubaki mazima, akazigeuza nusu. Mwisho akapinda mikono kidogo kwa koleo, mpira usimame wima kwenye kioo na kugeuka kila unaporudi. Kioo cha 109 ni bapa, na waipa zilizopindishwa kwa ajili ya vioo vya magari ya leo hushika katikati au pembeni tu. Akakata mipira mirefu kwa wembe na kuivalisha kwenye fremu za zamani.

Kazi nzima ilichukua siku moja na nusu. Hakuna spea iliyoagizwa nje.

Tuliondoka Machi, kupitia Kahama. Kabla ya Kakola mvua ilishuka kama imemwagwa. Michomoko ilitupita, Land Cruiser za migodi zikatupita. Waipa zetu zilikwenda polepole, kama mtu anayepiga deki bila haraka, lakini kila zilipopita barabara ilionekana. Babu alikuwa kwenye usukani. Alitumia mikono yote miwili.

Geita, mjomba alikagua gari akizunguka, hakutaja chuma chakavu. Aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: yule fundi anamfundisha nani? Hana mwanafunzi. Vijana wa pale gerejini wanataka kujifunza mashine ya kusoma kompyuta za magari, na siwalaumu, maana ndiko kwenye riziki. Wiki iliyofuata nilirudi Ngokolo nikiwa na kaunta buku jipya. Ukurasa wa kwanza unahusu ethi.