Mlango, si Bandari

Kijitabu kilinifikia hapa Makadara, Mombasa, mwezi uliopita, kwa mkono wa mwanafunzi wangu. Kinawafundisha wanaoanza jinsi ya kusimika Linux na kuiunganisha mashine na mtandao, na kwa nia hiyo nakishukuru. Lakini katikati yake kinaagiza: "Fungua bandari 22." Kijana yule, mzaliwa wa Kibokoni ambaye babake ni mchukuzi Kilindini, aliinua uso akaniuliza: "Maalim, bandari ishirini na mbili ziko wapi? Sisi tunazo mbili tu." Hakuwa akitania. Flashi alikwisha kuiandaa, Debian imesimama kwenye laptopu yake kuukuu, waya umeingia, anwani imepatikana. Kilichomkwamisha ni Kiswahili.

Nasema waziwazi kwamba tafsiri hiyo ni kosa, tena kosa la uvivu. Neno la Kiingereza "port" lina njia mbili za kutoka Kilatini. Iko "portus", yaani bandari, na iko "porta", yaani mlango. Wahandisi walichukua hiyo ya pili, maana ya uwazi wa kupitishia kitu, kama tundu la mzinga ubavuni mwa meli ya vita. Waliotufasiria walifungua kamusi, wakakutana na maana ya kwanza, wakaifunga. Waarabu wanalo neno la bandari, "mina", wakaliacha makusudi na kuchagua "manfadh", mahali pa kupenyea. Wareno husema "porta". Mpinzani wangu mmoja hapendi kukosa nafasi ya kunikumbusha kwamba Wahispania husema "puerto", bandari kabisa. Najua. Wahispania wameponzwa na mfanano uleule, na sioni kwa nini tuwafuate.

Bandari ni neno tukufu, nami silidharau. Limetoka Uajemi, ndilo lililomo katika jina la Bandar Abbas, na kwetu linabeba meli, makuli, forodha na ushuru. Linadai kina cha maji, na Kilindini yenyewe imeitwa hivyo kwa sababu ya kilindi. Sasa kinachosemwa kwenye kompyuta ni nini? Ni nambari tu, kati ya 0 na 65,535, inayoeleza ujumbe uliofika kwenye anwani hii uende kwa programu ipi. Hapana kina wala gati.

Mlango tumezaliwa nao. Waganda wana "omulyango", Wakikuyu "mũrango", Wazulu "umnyango". Kwa Wanyarwanda "umuryango" ni pia jamaa, watu wa nyumba moja, na hapo ndipo moyo wangu unapotulia, kwa sababu hata sisi wa Mvita twaijua maana hiyo. Mzee wa Miji Kumi na Miwili, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa hapa, akitaka kukujua hatosheki na jina la taifa lako, uwe umemwambia Mkilindini, Mchangamwe au Mtangana. Atauliza u wa mlango gani. Taifa ni moja, milango ni mingi. Mashine nayo anwani yake ni moja, na ndani mna programu nyingi, kila moja na mlango wake. Neno hili lilikwisha kuifanya kazi hiyo karne nyingi kabla Unix haijaandikwa mwaka 1969, na hakuna kamati iliyolipitisha.

Wapo wasemao kwamba mlango utagongana na lango, neno tulilokwisha kulipa kazi ya kutaja mahali pa kutokea kwenda mitandao mingine. Hoja hii inanishangaza kutoka kwa watu wanaojiita wanaisimu. Lango ni la mji, mlango ni wa nyumba. Mtoto wa miaka mitano havichanganyi. Wengine wamekimbilia "poti". Poti haimpotoshi mtu, ila haimwambii kitu pia.

Tena tazama mlango unavyozaa. Mashine ya mbali ikitaka kuingia kwa nambari 22, hutuma kwanza ujumbe mfupi: hiyo ni hodi. Akiwapo bawabu, yaani programu ya SSH inayosikiliza mlangoni hapo, hujibu karibu. Mgeni huitikia, na mazungumzo yakaanza. Ndiyo itifaki ya TCP yenyewe, hatua zote tatu. Pasipo bawabu, mashine hujibu papo hapo kwamba hapana mtu, na mwanafunzi huona amekataliwa. Lakini kinga ya mtandao (firewall) ikiimeza hodi, hakuna jibu lolote. Linux kwa kawaida huirudia hodi mara kadhaa, zaidi ya dakika mbili zikapita, ndipo ikate tamaa. Kijana wa Mji wa Kale, aliyefundwa kupiga hodi mara tatu kisha arudi zake, haelezwi mara mbili tofauti ya kukataliwa na kunyamaziwa. Waliochagua bandari na waieleze kwa bandari.

Nambari 22 yenyewe iliombwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, aliyeiandika SSH, kwa kuwa ilikuwa tupu kati ya 21 ya FTP na 23 ya telnet. Kwa matumizi: simika openssh-server na kinga ya ufw, andika sudo ufw allow 22/tcp kabla ya sudo ufw enable, usije ukajifungia nje, kisha ss -tln itakuonyesha milango inayosikilizwa.

Tangu 2004, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, hakuna awezaye kudai kwamba Kiswahili hakikai kwenye kompyuta. Kinakaa. Kinachotakiwa ni masikio ya anayechagua. Niliwaandikia waliotoa kijitabu, kurasa tatu, kwa adabu zote. Nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba istilahi imekwisha kupitishwa. Imepitishwa na nani? Na katika hao, ni wangapi waliowahi kuketi kando ya mwanafunzi mbele ya kioo cheusi, wakaona neno linavyomsimamisha?

Barua ya pili iko tayari. Nimeambatisha orodha ya kila mahali neno bandari lilipotumika, ishirini na saba kwa hesabu yangu, na mbele ya kila moja nimeandika mlango.