Majina Mawili ya Askari Mmoja

Majimbo ya kaskazini na ya kusini ya Marekani yalipopigana vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1861 hata 1865, watu weusi wapatao 179,000 waliingia katika jeshi la nchi kavu la serikali ya Washington, na wengine wapatao 19,000 wakahudumu katika manowari zake. Na aghalabu ya wale wa nchi kavu jana yake walikuwa watumwa, mali iliyothaminiwa pamoja na farasi na majembe. Kitukuu wa leo anayetafuta nasaba yake kwa njia ya hati hukutana kwanza na daftari zisizo na majina. Katika hesabu za watu za 1850 na 1860 mtumwa aliandikwa chini ya jina la bwana wake, kwa umri wake, rangi yake na kuwa ni mume au mke, basi. Na watu weusi wa kusini walikuja kuandikwa wote kwa majina yao wenyewe mwaka 1870. Kwa hiyo, kwa jamaa nyingi, jeshi ndilo mlango wa kuingilia katika miaka ile ya giza, maana karani wa mishahara hakuweza kumlipa mtu asiyekuwa na jina.

Masijala ya askari hawa ilianzishwa katika Wizara ya Vita tarehe 22 Mei 1863. Baada ya vita makarani walinakili orodha za vikosi katika kadi ndogo ndogo, kadi moja kwa kila mara askari alipotajwa, wakazitia katika bahasha yenye jina lake, na bahasha hizo zimo hata leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Washington. Ukiifungua moja utasoma kimo, rangi ya macho, mahali alipozaliwa, kazi yake, ambayo mara nyingi ni ukulima. Kisha miezi inafuatana: yupo, yupo, hayupo, yu mgonjwa hospitali. Ni habari kavu kama makapi, na wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza. Lakini kwa majimbo kama Kentucky na Maryland, ambako utumwa ulikuwapo na serikali haikuasiwa, bahasha yaweza kuwa na karatasi nyingine: dai la bwana mtiifu kwa serikali, aliyeahidiwa hadi dola 300 kwa mtumwa wake aliyechukuliwa jeshini, na ambaye kabla ya kulipwa alipaswa kuonyesha kwamba mtu yule alikuwa wake kwa haki, na kwamba sasa amemwandikia hati ya uhuru. Tamaa ya fidia ikamfanya bwana awe shahidi wa nasaba ya mtumwa wake.

Hata hivyo, hazina yenyewe imo katika majalada ya pensheni. Askari wa upande wa kusini walilipwa na majimbo yao, na hati zao hutafutwa huko. Bali askari wa serikali ya Washington, na mjane wake baada yake, alidai kwa serikali kuu, na serikali, kwa kuwa haikupenda kutoa fedha bure, ilitaka viapo. Mjane aliyeolewa utumwani, ambako sheria haikuitambua ndoa, alileta mkunga aliyewapokea watoto wake, jirani aliyeiona harusi, mwenzi wa mumewe katika hema moja. Na kila mmoja alieleza kwa kinywa chake alikozaliwa na nani alikuwa bwana wake, karani akiandika, naye asiyejua kusoma akitia alama ya msalaba chini.

Jalada la Harriet Tubman, yule mwanamke aliyewatorosha watumwa wengi kutoka Maryland, laonyesha jambo hili kwa ukaribu. Mumewe wa pili, Nelson Davis, alifariki 1888, na Harriet akadai pensheni ya mjane chini ya sheria ya Juni 1890. Kizuizi kilikuwa jina. Jeshini mumewe aliitwa Nelson Charles, kwa jina la bwana aliyemmiliki huko North Carolina, na baada ya vita akashika jina la Davis, la baba yake. Sisi wa pwani, ambao mtu mmoja aweza kuwa na jina la chuoni, la nyumbani na la utani, hatuoni ajabu. Lakini ofisi ya pensheni iliona watu wawili, na mashahidi wakaitwa kuwafanya mmoja. Dai lilikubaliwa 1895: dola 8 kwa mwezi.

Mwanamke huyu mwenyewe alikuwa muuguzi na mpelelezi wa jeshi, na Juni 1863 aliongoza njia katika shambulio la mto Combahee, lililowakomboa watumwa zaidi ya 700. Bunge la Marekani lilipompandishia malipo hadi dola 20, mwaka 1899, lilijadili uuguzi wake. Lakini maneno ya sheria yalimtaja kuwa mjane wa Nelson Davis tu, askari wa Kombania G ya Rejimenti ya 8 ya watu weusi. Na katika orodha za kombania ile, aliyeandikwa ni Nelson Charles.