Uchungu wa kuzaa, tangu zamani

Mwaka 1879, kule Bunyoro, Uganda, Mwingereza Robert Felkin aliona mama akinywesha pombe ya ndizi mbele ya kupasuliwa tumbo. Mama na mtoto wakapona. Sisi wakristu, wengi wetu tulisoma Mwanzo sura ya 3 sawa amri ya kuteseka. Lakini tarehe 8 Januari 1956, Kalemie ikiitwa bado Albertville, Papa Pio XII alisema kupunguza uchungu wa kuzaa haiko zambi. Basi, mama mwenye kulia anagombezwa juu ya nini? Mwaka 2018 OMS ilikubali sindano ya mgongo kwa mama anayeiomba, na pia kumukanda na kitambaa cha moto. Maji ya moto haikosi kwetu.