Maneno ya Kiswahili katika Ukoo wa Filamu za "The Lion King"

Wanafunzi wa lugha yetu wamezoea kuchunguza maneno yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno na Kiingereza. Maneno yaliyotoka kwetu kwenda nje hayakupata uangalifu wa namna hiyo. Aghalabu hutajwa "safari" na mengine machache, kisha mlango hufungwa. Walakini tangu mwaka 1994 yapo maneno mawili ya Kiswahili yaliyofika katika masikio ya mamilioni ya watu wasiojua Mombasa wala Unguja ziko upande gani wa dunia, nayo hayakupelekwa na mfanyabiashara wala mwanachuoni. Yalipelekwa na ngiri na nguchiro wa kuchorwa. Maneno hayo ni "hakuna matata", na makala haya yataka kueleza yalivyofika huko, pamoja na wenzao waliosafiri katika jahazi hilo hilo.

Desturi ya watengenezaji wa sinema kuchota maneno katika kisima chetu ni ya zamani. Mwaka 1952 ilitoka Marekani filamu iliyoitwa "Bwana Devil", yenye kisa cha simba waliowala wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898. Nayo yakumbukwa kwa kuwa ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Kimarekani ya rangi iliyotazamwa kwa miwani ya kuifanya picha ionekane kama ina kina. Mwaka 1955 Waingereza walitoa "Simba", habari ya vita vya Mau Mau kwa macho ya masetla. Mwaka 1962 ikaja "Hatari!" ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika ya kaskazini, ambamo John Wayne hukamata wanyama wa kuuza. Katika hizo zote neno la Kiswahili ni kama ngozi ya chui itundikwayo ukutani: lamjulisha mgeni kwamba ameingia Afrika, na kazi yake huishia hapo.

Mwaka 1966 ulileta jambo la namna nyingine. Katika mchezo wa televisheni uitwao "Star Trek", ambao baadaye ulizaa filamu nyingi tangu mwaka 1979, afisa mmoja mwanamke Mwafrika alipewa jina la Uhura. Asili yake ni "uhuru". Yasimuliwa kwamba mchezaji, Nichelle Nichols, alikwenda kuonana na wakubwa wa mchezo akiwa na kitabu cha Robert Ruark chenye neno hilo kwa jina, na mtunzi Gene Roddenberry akalipenda, ila akabadili irabu ya mwisho ili lilainike na kufaa kwa mwanamke. Msomaji wa jarida hili atatabasamu, kwa maana Kiswahili hakijui mambo ya kike na kiume katika irabu za mwisho. Hata hivyo hili halikuwa pambo tupu. Neno lililopigiwa kelele katika mikutano ya Dar es Salaam na Nairobi miaka michache nyuma lilipewa mtu mwenye cheo na elimu, tena wakati ambapo Wamarekani weusi walikuwa wakidai haki zao. Jina lake la kwanza, Nyota, lilitamkwa katika filamu ya mwaka 2009, baada ya kukaa vitabuni muda mrefu.

Sasa tuje kwa simba wenyewe. Kampuni ya Walt Disney ilipoanza kazi ya "The Lion King", haikuitegemea sana. Wachoraji wengi walichagua kuifanyia kazi "Pocahontas", iliyotoka mwaka 1995, wakidhani ndiyo itakayoleta sifa, na kisa cha simba kikaachiwa waliobaki. Mwaka 1991 baadhi ya wakuu wa kazi hiyo walizuru Kenya, na magenge ya mawe ya Hell's Gate karibu na Naivasha yakaingia katika michoro yao. Filamu ilitolewa mwezi wa Juni 1994. Gharama yake ilikuwa dola milioni 45 hivi. Mapato ya milangoni katika duru yake ya kwanza yalipita milioni 760, ikazishinda filamu zote za mwaka ule duniani. Kutoka shina hilo kulichipuka "Simba's Pride" mwaka 1998, mchezo wa jukwaani uliofunguliwa New York mwaka 1997 chini ya Julie Taymor, michezo ya televisheni, filamu mpya ya mwaka 2019 iliyopata zaidi ya dola milioni 1,600, na "Mufasa" ya mwaka 2024. Mchezo wa jukwaani peke yake ulitangazwa mwaka 2014 kuwa umekusanya zaidi ya dola milioni 6,200, kiasi ambacho filamu yo yote haijakifikia. Ndiyo sababu nauita ukoo.

Majina ya wahusika ndiyo yatakayomvuta mwanafunzi wa lugha. Simba ni simba, na Rafiki ni rafiki. Hapo hapana neno. Sarabi, jina la mama yake Simba, latokana na Kiarabu, na maana yake ni mazigazi, yale maji ya uongo yaonekanayo jangwani: jina zuri, ijapokuwa sidhani kama wengi waliolisikia walilitambua. Pumbaa ni kitenzi kitupu, kupumbaa, kilichosimamishwa peke yake bila kiambishi na kufanywa mtu. Nala husemwa katika vitabu vya majina ya watoto kwamba ni neno la Kiswahili lenye maana ya zawadi. Si kweli, zawadi ni zawadi. Ikiwa lazima tulitafutie maana, basi katika wakati wa -a- "nala" ni "ninakula", jambo ambalo kwa simba jike si la ajabu.

Jina linaloniudhi ni Shenzi, fisi jike aongozaye wenzake. Hapana haja ya kuwaeleza wasomaji hawa uzito wa neno hilo. Pwani lilikuwa kinyume cha uungwana na ustaarabu, likitupwa kwa watu wa bara. Kisha wakati wa ukoloni likawa matusi ya setla kwa mtumishi wake. Katika filamu ya 1994 fisi hao hukaa kando ya nchi njema, katika makaburi ya tembo, nao wana njaa. Na wahakiki wa Marekani walilalamika wakati ule ule kwamba sauti zao ni za watu weusi na watu wa asili ya Kihispania wa mitaa ya kimaskini. Wahakiki hao hawakujua Kiswahili. Wangalikijua wangaliona kwamba hata jina lilikwisha toa hukumu. Katika filamu ya 2019 fisi wenzake wawili waliondolewa, wakaletwa Kamari na Azizi, mmoja mchezo wa kubahatisha na mwingine mpenzi wa moyo; lakini Shenzi alibaki Shenzi.

Jambo la kufanana nalo ni kile kiwimbo cha kitoto akiimbacho Rafiki kumchokoza Simba, ambamo mmoja huitwa nugu na mwingine hujitetea kwa "mimi hapana". Mswahili angesema "mimi siye" au "si mimi". Hiyo "hapana" iliyobandikwa baada ya nafsi ni alama ya Kisetla, lugha ile ya amri za jikoni na shambani iliyosemwa na Wazungu wa Kenya. Basi katika filamu iliyotazamwa na dunia nzima, nyani mwenye hekima, kuhani wa nchi na mjuzi wa mizimu, asema Kiswahili cha memsahib. Mwenye kuandika historia ya Kisetla asiache ushahidi huu, maana ni nadra lugha iliyodharauliwa na kila mtu kuhifadhiwa vizuri namna hiyo.

Katika filamu ya 1998 uchaguzi wa majina ulikuwa wa makini zaidi. Zira, mjane mwenye chuki, yamkini alitolewa katika kuzira. Mwanawe Nuka yuko mchafu kama jina lake. Vitani ni vita na kiishio cha mahali. Lililo bora kuliko yote ni Kovu, kijana aliyeteuliwa na Scar awe mrithi wake. Jina la mtoto ni tafsiri ya jina la mteuzi, na fumbo hilo alifumbua mtu ajuaye lugha zote mbili tu. Lakini filamu hiyo hiyo ina wimbo uitwao "Upendi", na watazamaji huambiwa kwamba maana yake ni mapenzi. Anayetaka kulitetea neno aweza kudai kwamba limeundwa kwa u- na -i kama "uandishi" na "ulevi". Utetezi huo hausimami, kwa kuwa kwa njia hiyo lugha ilikwisha pata "mpenzi" na "upenzi", d ikageuka z, mbali na "upendo" na "mapenzi" yenyewe. Sikio la Mswahili likisikia "upendi" hutafuta h iliyopotea mwanzoni, na likishaipata lasikia "hupendi". Wimbo wa wachumba wawili wakisafiri kwa mashua kwenda Hupendi!

Haya ni makosa madogo, na baadaye yalipungua. Mchezo wa televisheni "The Lion Guard", ulioendelea hadi mwaka 2019, una nyimbo kama "Sisi Ni Sawa" ambazo hazina dosari ya sarufi, na una mhusika aitwaye Beshte, neno la vijana wa Nairobi ambalo kamusi nyingi zilikuwa hazijalikubali. Filamu ya 2024 yampa Scar jina lake la utotoni, Taka, ambalo lilikwisha tokea katika vitabu vya watoto vya mwaka 1994. Msomaji achague mwenyewe kati ya kitenzi na uchafu. Nadhani mtunzi alivitaka vyote viwili. Na nchi njema inayotafutwa humo yaitwa Milele, kielezi cha wakati kilichogeuzwa kuwa mahali.

Narudi kwa "hakuna matata". Mzizi ni -tata, wa kufungamana kama nyuzi zilizochanganyika. Toka hapo tuna tatiza, tatanisha, tatizo na utata. Matata kwa maana ya fujo na taabu ni neno lililoenea sana bara, lasikika katika Kiswahili cha Kongo na hata katika Kilingala. Mtu wa Unguja au wa Mrima kwa kawaida husema "hapana taabu" au "hamna shida". Kwa hiyo waliotamka neno hili kwa dunia hawakuchukua msemo wa pwani, bali ule wa njia ya watalii. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzia Mombasa, ilitoa "Jambo Bwana", wimbo wa kumkaribisha mgeni ambao ndani yake msemo huu hurudiwa. Mwaka uliofuata Boney M. wakauimba kwa namna yao Ulaya. Wageni wa Disney walipofika Kenya mwaka 1991, msemo ulikuwa umekwisha kuwa salamu ya dereva na mhudumu wa hoteli. Wakauchukua, Tim Rice akautungia maneno na Elton John sauti, ukashika mahali pa wimbo mwingine ulioachwa.

Kisha likafuata jambo la sheria. Mwaka 1994 kampuni iliomba Marekani isajiliwe "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara katika nguo, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Habari hiyo ilikaa kimya mpaka mwisho wa 2018, filamu mpya ilipokaribia, ndipo mwanaharakati kutoka Zimbabwe alipoanzisha ombi la kutaka usajili ufutwe, likatiwa sahihi na watu zaidi ya 100,000. Kampuni ilijibu kwamba usajili haukumzuia mtu ye yote kuusema msemo huo. Kwa sheria jibu hilo ni sahihi: alama ya biashara si milki ya neno, ni haki ya kulibandika juu ya bidhaa ya aina fulani katika nchi fulani. Fundi wa Lamu aweza kuliandika juu ya fulana zake na kuziuza Lamu. Akitaka kuziuza New York, hapo ndipo atakapokutana na mwenye alama. Wengi waliotia sahihi hawakuitambua tofauti hiyo, na magazeti hayakuwasaidia. Walakini manung'uniko yao hayakuwa ya bure. Katika ukoo huu huu wa filamu warithi wa Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi "Mbube" mwaka 1939 na kufa maskini mwaka 1962, iliwapasa kushitaki mwaka 2004 ndipo wapate mapatano mwaka 2006 juu ya wimbo uliotokana na wake. Linda alikuwa mtu mmoja na warithi wake wajulikana. Msemo wa lugha hauna mtunzi wala mrithi awezaye kusimama mahakamani, na wasemaji wa Kiswahili wa nchi zote hawana wakili mmoja.

Kwa upande wetu, kazi iliyo karibu ni ya kamusi. Kamusi zetu hutoa "matata" kwa maana ya taabu na ghasia, bila kusema kwamba msemo mzima sasa una maisha mengine, kwamba mgeni aufikapo uwanja wa ndege wa Kilimanjaro huusema yeye kwanza, na mwenyeji humwitikia kwa adabu, ijapokuwa nyumbani kwake hausemi. Nimemsikia mzee mmoja wa Pangani akimjibu mtalii "hakuna matata", kisha akamgeukia mjukuu wake na kumwambia: "Hamna shida, mwanangu, chukua mzigo wa mgeni."