Walichotaka Kusoma Wakulima wa Pamba

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe walikuwa na ugomvi na mizani. Mnunuzi alipima mwenyewe, akasoma namba mwenyewe, akaandika stakabadhi mwenyewe. Mkulima aliyeufikisha mzigo wake kituoni alisimama pembeni akingoja kuambiwa amepata kiasi gani. Wengi waliamini kwamba wanapunjwa, na mara nyingi hawakukosea. Hawakukimbilia shule. Walitafuta watu wao wenye kujua namba, wakawaweka vituoni wahakiki uzito. Kutokana na vuguvugu hilo vyama vya msingi viliota kijiji hadi kijiji, na mwaka 1955 vikawa na muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani, ambaye baada ya Uhuru alikuja kuwa Waziri wa Fedha.

Historia ya elimu ya watu wazima nchini kwetu Tanzania kwa kawaida huanza na hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nimeanza na mizani kwa sababu wakati hotuba ile inatolewa, wakulima wa Kanda ya Ziwa walikwisha kujua wanachotaka kusoma. Walikuwa hawajaulizwa tu.

Kabla ya Uhuru serikali ya kikoloni ilijaribu hapa na pale. Jaribio lililofika mbali ni la Upare, ambako madarasa ya watu wazima yaliendeshwa pamoja na kazi za maendeleo, na likatolewa gazeti la Kiswahili, Habari za Upare, ili waliojua kusoma wapate cha kusoma. Sehemu nyingi nyingine kazi hiyo iliachiwa misheni, nazo zilifundisha kusoma ili waumini wafike kwenye Maandiko. Matokeo yake ni kwamba Tanzania ilipohesabu watu wake mwaka 1967, kiasi cha thuluthi mbili ya watu wazima walionekana hawajui kusoma wala kuandika.

Hesabu ile ilikuwa na upofu wake. Pwani walikuwapo wazee waliosoma Kurani tangu utotoni na kuandikiana barua na hesabu za biashara kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Kisomo cha taifa kilipokuja kilikuwa cha herufi za Kirumi, na mzee wa namna hiyo alikaa dawati moja na mtu ambaye hajawahi kushika kalamu.

Wakati huo dunia nayo ilikuwa imebadili fikra. Septemba 1965 mawaziri wa elimu walikutana Teheran chini ya UNESCO, wakakubaliana kwamba kisomo cha kukariri silabi hakitoshi: mtu mzima afundishwe kusoma kwa kupitia kazi yake. Ndipo likaja jina lililozoeleka Tanzania, kisomo chenye manufaa. Nchi 11 zilichaguliwa kwa majaribio, Tanzania ikiwa mojawapo, na mradi wake ukawekwa Mwanza kuanzia 1968 hadi 1972, ukihudumia mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera.

Vitabu vya mradi ule viliandikwa kwa kufuata kazi za watu. Penye pamba kilikuwapo kitabu cha pamba. Kwa Wahaya, cha migomba. Kwa wavuvi, cha uvuvi. Kwa wafugaji, cha ng'ombe. Wanawake waliandikiwa kitabu cha mambo ya nyumbani. Darasa lilianza kwa mazungumzo juu ya zao, likaenda kwenye sentensi fupi, sentensi ikavunjwa kuwa maneno na silabi, kisha silabi zikaunganishwa upya. Bibi wa Kisukuma au Kihaya aliyekuja darasani mara nyingi alikuwa anajifunza mambo mawili kwa mpigo, maana Kiswahili chenyewe hakikuwa lugha ya nyumbani kwake.

Ilikuwa kazi ya akili, na waliobuni vitabu vile wanastahili heshima. Lakini tazama kilichomo. Kitabu cha pamba kilimwambia mkulima apande mapema, apande kwa mistari, apulizie dawa, ang'oe na kuchoma masalia baada ya mavuno. Ushauri huo ni mzuri, ila mkulima alikuwa ameusikia tangu enzi za mabwana shamba wa kikoloni, tena wakati mwingine ukiambatana na faini. Huyo mtu aliyelima pamba miaka 20 aliingia darasani akiwa na maswali mengine: stakabadhi hii inasema kilo ngapi? Makato haya ni ya nini? Kijana wangu aliye mjini ameandika nini katika barua hii, na je, ninaweza kumjibu bila kupitia kwa karani? Wengine walitaka kusoma Biblia au kitabu cha nyimbo cha kanisani. Hayo hayakuongeza mavuno ya pamba, kwa hiyo katika hesabu za wataalamu hayakuitwa manufaa.

Kwa wanawake hali ilikuwa ya ajabu zaidi. Wao ndio waliojaa madarasani karibu kila mahali, na wao ndio waliopalilia na kuchuma ile pamba. Hata hivyo kitabu walichopangiwa kilikuwa cha lishe na malezi, kana kwamba shamba ni la mume na jiko ni lao. Sina ugomvi na lishe. Ugomvi wangu ni kwamba aliyepanga hakuwa ameangalia nani ameshika jembe.

Mkesha wa mwaka 1970 Nyerere alitangaza mwaka huo uliokuwa unaanza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake alikuwa ameitoa tangu 1964: watoto watachukua miaka mingi kabla elimu yao haijaleta mabadiliko, lakini wazazi wao wanaweza kuyaleta leo. Mwaka 1971 wilaya kadhaa, zikiwamo Mafia, Ukerewe na Kilimanjaro, zilitakiwa kufuta ujinga kwanza, na Septemba mwaka huohuo mkutano mkuu wa chama tawala, TANU, ukaamua nchi nzima ifanye hivyo kufikia mwisho wa 1975. Vitabu vya Mwanza vikasambazwa mikoa yote. Walimu walikuwa wa shule za msingi, wanafunzi waliomaliza darasa la saba, makatekista, wake wa watumishi, yeyote aliyejua. Posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi, na si mara zote ilifika. Darasa lilikuwa chini ya mwembe, ubao ukiegemezwa kwenye shina. Msimu wa kupalilia ukianza, nusu ya wanafunzi hawaonekani.

Katika pilikapilika hizo lilitokea jambo ambalo mimi naliona kuwa kilele cha historia hii, nalo halikuanzia kwenye kitabu cha zao lolote. Mwaka 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na wizara za serikali ziliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Vikundi vilikutana mara moja kwa juma kwa wiki 12, vikasikiliza kipindi, mmoja akawasomea wenzake kijitabu, kisha wakaamua wenyewe wafanye nini. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Walijadili malaria, minyoo, kichocho, kuhara, halafu wakatoka na majembe: vyoo vikachimbwa, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Asiyejua kusoma alikuwa na nafasi yake sawa na anayejua, na aliyejua kidogo alipata sababu ya kujua zaidi, kwa kuwa kikundi kilimhitaji. Wengi waliokaa pale walikuwa na mtoto aliyewahi kuugua malaria. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba somo lile lina manufaa.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo. Watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wameandikishwa. Hatua zilikuwa nne, na ya juu kabisa ilikuwa ya mtu anayeweza kusoma gazeti na kuweka kumbukumbu zake mwenyewe. Kiwango cha wasiojua kusoma kilitangazwa kuwa kimeshuka hadi asilimia 39. Mwaka 1977 kikawa 27, na mwaka 1986 kikafika chini ya 10. Ni namba zilizoifanya Tanzania kutajwa duniani kote. Ila zinasema mtu alipita mtihani. Hazisemi alisoma nini baada ya hapo.

Gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianzishwa Mwanza mwaka 1974 kwa ajili ya wasomaji wapya, na maktaba za vijiji zikafunguliwa. Kisha uchumi ukayumba. Miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu, posho zikakatika, kabati la maktaba ya kijiji likabaki na vitabu vilevile vya pamba na migomba ambavyo kila mtu amekwisha kuvimaliza. Bila cha kusoma, wengi walisahau. UNESCO wenyewe, katika tathmini yao ya 1976 juu ya nchi zile 11, walikuwa wamekwisha kukiri kwamba majaribio yalielemea mno upande wa uzalishaji. Paulo Freire, mwalimu wa Kibrazili aliyefika Dar es Salaam mwaka 1971, alikuwa akihubiri jambo hilohilo: mtu mzima asome dunia yake, na asigeuzwe nyongeza ya trekta.

Ukitaka kuona jinsi mtu mzima anavyochagua somo lake mwenyewe, mtazame Kimani Maruge wa Kenya. Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, ajue kama mhubiri anasema kweli, na alitaka kujua kuhesabu fedha. Hakuna mradi wowote ambao ungeyatia mambo hayo mawili katika kitabu kimoja.

Tanzania nayo ilijirekebisha. Katika miaka ya 1990 ulijaribiwa mpango wa MUKEJA, ambamo kikundi kilichagua kwanza shida au mradi wake, na masomo yakafuata. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 78 ya watu wazima, kwa hiyo ujinga ule uliotangazwa kukaribia kwisha mwaka 1986 ulikuwa umerudi au haukuwa umeondoka. Siku hizi haja imehamia kwenye simu. Fedha huingia kwa ujumbe mfupi, na mama asiyeusoma humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Katika VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, kila mwanachama ana hisa zake kwenye daftari, lakini anayechaguliwa katibu ni yule tu anayeweza kuliandika, mwaka baada ya mwaka, na wengine humwamini kwa kuwa hawana njia nyingine.