Mwongozo Uliojaribiwa na Usiojaribiwa

Mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazopewa kazi na kuitekeleza zenyewe hatua kwa hatua, sasa wanaendesha programu za hisabati kama SageMath na SymPy bila mtu kuwasimamia. Ndipo linapozuka swali: mwongozo wa programu hizo upimwe vipi, iwapo anayeusoma si mwanafunzi wala mhandisi? Wengi hulichukulia kuwa swali jipya. Historia ya miongozo ya programu za hisabati, inayozidi miaka 50, inasema vingine. Kipimo cha kwanza kilikwisha kupatikana kabla ya mawakala hawa kuwapo: mfano uliomo katika mwongozo ukiendeshwa leo, je, unatoa jibu lilelile lililoandikwa chini yake? Wakala hakukibadilisha kipimo hicho. Amezidisha tu hasara ya kukipuuza.

Mwaka 1970 vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza viliunda kundi la kuandaa kwa pamoja maktaba ya programu za hisabati. Lilianzia Nottingham, likahamia Oxford mwaka 1973, na linajulikana kwa herufi NAG. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1971. Kila programu ndogo katika maktaba hiyo ilikuja kuwa na waraka wake wenye mpangilio usiobadilika: kazi yake, namna ya kuiita, mbinu iliyotumika, maana ya kila kigezo, makosa yanayoweza kutokea, usahihi wa majibu, na mwishoni mfano mzima pamoja na data zake na matokeo yake. Mtumiaji aliweza kuuchapa mfano ule kwenye kompyuta yake na kulinganisha tarakimu kwa tarakimu. Kulikuwa pia na kigezo kilichoitwa IFAIL. Ukikipa thamani ya 0, programu husimama palepale kosa linapotokea. Ukikipa 1, huendelea kimyakimya na kukurudishia namba ya kosa, kisha ni juu yako kuiangalia. Waraka ulieleza kila namba ina maana gani. Si maandishi ya kusomwa kwa raha, lakini waandishi wake walitambua jambo ambalo miongozo mingi iliyofuata ililisahau: hesabu iliyokwama ina nafuu kuliko hesabu iliyoendelea na jibu la uongo.

Udhaifu wa kitabu ni kwamba hakijui kama programu imebadilika. Cleve Moler alipoandika toleo la kwanza la MATLAB, programu ya hisabati, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliingiza maelezo ndani ya programu yenyewe kwa amri ya kuomba msaada. Hata hivyo maelezo yalibaki maneno matupu, yasiyoweza kujihakiki yenyewe. Dawa ilitoka katika lugha ya Python, ambayo mwaka 2001 ilipokea zana ya Tim Peters iitwayo doctest. Zana hiyo husoma mifano iliyomo katika maelezo, huiendesha, na hulalamika matokeo yakitofautiana na yaliyoandikwa. SageMath, iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, iliifanya sheria: amri mpya isiyo na mifano haikubaliwi. Hata ukaidi wa namba za desimali ulitafutiwa njia. Kwa kuwa kompyuta hujibu 0.30000000000000004 ikiambiwa ijumlishe 0.1 na 0.2, mwandishi wa mfano huruhusiwa kutaja kando yake kiasi cha tofauti kinachovumilika.

Pamoja na sheria hiyo, mtego unabaki. Katika Sage, 2^3 ni 8. Katika faili la kawaida la Python, 2^3 ni 1, kwa sababu alama hiyo huko ina kazi nyingine kabisa, na hakuna onyo lolote linalotolewa. Binadamu aliyeiona 1 hapo angeshtuka. Wakala aliyenakili mfano sahihi na kuupeleka pasipofaa ataichukua 1 hiyo na kujengea juu yake hesabu nzima. Linganisha na Lean, lugha ya kuhakiki uthibitisho. Maktaba yake kuu, Mathlib, ilimaliza kuhamia toleo la 4 mwaka 2023, na maneno begin na end yaliyozunguka uthibitisho katika toleo la 3 yakaachwa. Wakala aliyejifunza kwa kurasa za zamani huyaandika, na Lean humkatalia papo hapo. Mwongozo umepitwa na wakati, naam, lakini kosa limepiga kelele.

Wapo wasemao kwamba wakala anaweza kusoma msimbo wenyewe, hivyo mwongozo hauna haja. Msimbo hueleza programu inafanya nini. Hauelezi ilikusudiwa ifanye nini. Siku msimbo una kasoro, shahidi pekee wa kuukanusha ni mwongozo. Hoja nyingine ina uzito zaidi: mfano unaweza kufaulu jaribio na bado usimfundishe mtu. Ni kweli. Mwandishi huchagua matriki ndogo yenye namba nzuri, jibu linatoka safi, na msomaji haambiwi ni lini mbinu hiyo hushindwa au ipi itumike badala yake. Ndiyo maana sehemu ya makosa na sehemu ya usahihi katika nyaraka za NAG haziwezi kuchukuliwa nafasi na mifano, hata iwe mingi kiasi gani.

Anayepima mwongozo kwa ajili ya mawakala, basi, aendeshe kwanza mifano yote. Kisha ampe wakala maswali ambayo majibu yake yanajulikana, mara moja akiwa na mwongozo na mara moja bila, na katika kila kosa aangalie kama lilijitangaza au lilipita kimya. Makosa ya kimya yahesabiwe kuwa mazito zaidi. Na ukurasa wa toleo la zamani usiotaja ni wa toleo gani, usipewe alama za kuwepo; bora ufutwe.