Taa za LED za Kukuzia Mimea

Taa za LED za kukuzia mimea hutoa mwanga wa kutosha kwa usanisinuru mahali jua lisipofika, kama kabatini au kwenye kona ya jikoni. Mimea hutumia zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700. Taa nyingi za awali zilichanganya nyekundu na buluu tu, na chumba kikawa cha zambarau; chini ya mwanga huo ni shida kutambua jani lililoanza kuwa la njano. Kwa nyumbani, taa nyeupe iliyoongezwa nyekundu inafaa zaidi.

Lumeni hazimsaidii mnunuzi, kwa kuwa hupima mwanga kama jicho la binadamu linavyouona. Wati 1000 zilizochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni za kutiliwa shaka: huenda taa yenyewe inakula 100 tu. Cha kuuliza ni mikromoli za fotoni kwa kila juli ya umeme, 2.5 ni kiwango kizuri. Saladi huridhika na mikromoli 200 hivi kwa mita ya mraba kwa sekunde, saa 16 kwa siku. Eneo la sentimita 60 kwa 60 basi huhitaji mikromoli 72 kwa sekunde, yaani wati 30 hivi, au 40 ukihesabu mwanga unaopotelea ukutani. Nyanya na pilipili hudai zaidi ya maradufu.

Taa ikiwa juu mno, miche hurefuka na kulala; ikiwa karibu mno, majani ya juu hupauka na kujikunja.